Bei Zilizopandishwa Hospitalini na Jeshini: Ulinganisho kwa Anayetaka Kuzifuatilia

Mjumbe wa kamati ya Bunge, diwani, mwandishi wa habari au mwanachama wa asasi ya kiraia anayeamua kufuatilia bei ambazo serikali inalipa hukutana mapema na swali la kuchagua: aanze na dawa na mashine za hospitali, au aanze na rada, meli na vipuri vya jeshi? Muda wake ni mchache, nyaraka atakazoonyeshwa ni chache zaidi, na njia inayozaa matunda upande mmoja hugonga mwamba upande wa pili. Hapa chini pande hizo mbili zimewekwa bega kwa bega kwa kutumia manunuzi ambayo tayari yamechunguzwa hadharani nchini Tanzania, Kenya na Marekani, ili mfuatiliaji huyo ajue ashike chombo gani kwa ununuzi gani.

Rada moja, kisha rada nne

Ununuzi wa kijeshi uliozungumzwa sana Afrika Mashariki ni wa rada ya Tanzania. Mwishoni mwa mwaka 2001 serikali ya Uingereza ilitoa kibali cha kuiuzia Tanzania mfumo wa rada wa kampuni ya BAE Systems kwa pauni milioni 28, kiasi ambacho kwa viwango vya wakati ule kilikaribia dola milioni 40. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imepata msamaha mkubwa wa madeni, na ununuzi huo uliwagawa mawaziri wa Uingereza wenyewe: Clare Short, aliyeshika wizara ya maendeleo ya kimataifa, aliupinga, ilhali Waziri Mkuu Tony Blair aliuunga mkono. Benki ya Dunia nayo iliupinga, na tathmini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ilieleza kwamba mfumo huo ulikuwa ghali mno na haukutosheleza mahitaji ya usafiri wa ndege za kiraia. Watetezi walijibu kwamba rada ilikuwa na kazi mbili, ya kiraia na ya kijeshi. Jibu hilo liliufunga mjadala wa bei kwa miaka kadhaa, kwa sababu mtu wa nje hakuwa na namna ya kusema ile kazi ya kijeshi ilistahili kulipiwa pauni ngapi.

Mfuniko haukufunguliwa na Bunge la Tanzania wala na mkaguzi wake. Ulifunguliwa na SFO, ofisi ya Uingereza inayochunguza udanganyifu mkubwa wa kifedha, ambayo ilibaini kwamba takribani dola milioni 12.4, karibu theluthi moja ya bei, zilikuwa zimelipwa kwa kampuni za wakala wa mauzo. Mwezi Desemba 2010 mahakama ya Southwark jijini London iliitoza BAE Systems faini ya pauni 500,000 baada ya kampuni kukiri kosa la kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu za malipo hayo. Haikutiwa hatiani kwa rushwa. Kwa mujibu wa makubaliano yaliyofikiwa, pauni milioni 29.5 zilirudishwa kwa Watanzania na, baada ya kupokewa mwaka 2012, zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Kwa hesabu ya karatasini kilichorudi kilizidi bei ya rada yenyewe, ingawa hesabu hiyo haijumuishi riba ya mkopo wala thamani ya miaka kumi ya kusubiri.

Sasa tuweke pembeni yake mkataba wa Agosti 2017, ambao Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilitia saini na kampuni ya Thales ya Ufaransa. Ulihusu rada nne za kiraia, za kufungwa Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa shilingi bilioni 61.3, ambazo kwa viwango vya wakati huo zilikuwa kama dola milioni 27. Rada nne zilipatikana kwa fedha pungufu ya zile zilizonunua rada moja. Haki inadai isemwe kwamba vifaa hivi si pacha: zaidi ya miaka 15 ilikuwa imepita, teknolojia ilikuwa imebadilika, na mfumo wa awali ulikuwa na vipengele vya kijeshi ambavyo rada ya kiraia haihitaji. Anayesema kwamba tofauti yote hiyo ni wizi anasema zaidi ya anachoweza kuthibitisha. Lakini tazama namna bei ilivyotangazwa mara ya pili: ilitolewa siku ya kutia saini, kwa shilingi, ikiwa na idadi ya rada na majina ya viwanja, hata mtu yeyote mwenye kalamu akaweza kugawa kwa nne na kupata takribani shilingi bilioni 15.3 kwa kila rada. Mara ya kwanza hapakuwa na cha kugawa.

Mashine za kaunti 47

Kwa upande wa afya, mfano unaofaa kuwekwa mkabala na rada ni mpango wa Kenya wa kukodisha mashine za hospitali. Mwezi Februari 2015 serikali ya kitaifa ilitia saini mikataba ya miaka saba na kampuni tano, miongoni mwao General Electric, Philips na Mindray, ili hospitali 98 zipatiwe vifaa vya upasuaji, vya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, vya uangalizi mahututi na vya picha za mionzi. Thamani iliyotajwa ilikuwa shilingi za Kenya bilioni 38. Malipo yalikatwa kutoka fungu la kaunti kabla fedha hazijazifikia: mwanzoni shilingi milioni 95 kwa mwaka kwa kila kaunti, kiasi kilekile kwa Lamu na kwa Nairobi, na kufikia mwaka wa fedha 2018/19 kiasi hicho kikawa shilingi milioni 200.

Hakuna siri ya taifa ndani ya mashine ya eksirei. Mashine za namna hiyo zinauzwa na makampuni mengi, zina majina ya modeli, na bei zake zinaweza kuulizwa kwa simu. Bei ilifichwa kwa kufungasha vitu pamoja: mashine, matengenezo, mafunzo na vitendanishi (kemikali za kufanyia vipimo) viliingizwa katika malipo ya mkupuo kwa mwaka, na kila aliyetaka kujua mashine moja iligharimu kiasi gani aliambiwa kwamba hakuna mashine iliyonunuliwa, kilichonunuliwa ni huduma. Magavana walilalamika kwamba walikuwa wakilipia mikataba ambayo hawajaiona. Kamati maalumu ya Seneti iliyoongozwa na Seneta Fatuma Dullo ilitoa ripoti yake mwezi Septemba 2020 na, kwa lugha ambayo kamati za Bunge huitumia kwa nadra, ikauita mpango huo biashara ya kihalifu. Serikali ya kitaifa iliutetea kwa kusema kwamba umesogeza matibabu ya kibingwa karibu na wananchi, na ni kweli kwamba katika baadhi ya kaunti wagonjwa wa figo waliacha kusafiri mbali kutafuta huduma hiyo.

Katika hospitali nyingine mashine zilikaa bila kutumika kwa kukosa maji, umeme wa kutosha au wataalamu. Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndipo bei ya afya inapopanda bila tarakimu yoyote kubadilika kwenye mkataba. Kikao kimoja cha saa nne cha kusafisha damu hutumia takribani lita 120 za maji, na maji hayo hayawezi kuwa ya bomba moja kwa moja; lazima yapite kwenye mtambo maalumu wa kuyachuja, kwa sababu chumvi na kemikali zilizomo zingeingia katika damu ya mgonjwa. Hospitali iliyopokea mashine lakini ikakosa mtambo huo, au ikawa na mtambo lakini umeme unakatika mchana, inalipa kodi kamili ya chuma kilichofunikwa turubai. Kwa sababu hiyo, katika mikataba ya ukodishaji, kuuliza mashine iligharimu kiasi gani hakutoshi. Kipimo bora zaidi ni malipo ya mwaka yaliyogawanywa kwa idadi ya wagonjwa waliohudumiwa kweli. Kaunti inayokatwa shilingi milioni 95 na kuhudumia wagonjwa 5,000 imelipa shilingi 19,000 kwa kila mmoja. Ikihudumia 500, imelipa 190,000. Takwimu za wagonjwa zimo katika rejista za hospitali, na tofauti na hati za jeshi, haziko chini ya muhuri wowote wa siri isipokuwa majina ya wagonjwa.

Bei ya kulinganishia inapatikana wapi

Tofauti kubwa kati ya pande hizi mbili ni upatikanaji wa bei ya kulinganishia, na hapa upande wa afya umebarikiwa kuliko unavyojua. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ndizo ushahidi wa wazi kuliko wote. Mwaka 2000 dawa hizo ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwezi Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuziuza kwa dola 350 kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, na tangu siku hiyo hakuna wizara ya afya iliyoweza tena kudai kwamba haijui dawa hizo zinaweza kutengenezwa kwa kiasi gani. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulitangaza kwamba dozi ya mwaka mzima ya mchanganyiko unaotumika sasa inanunuliwa kwa chini ya dola 45. Bei haikushuka hivyo kwa huruma ya mtu. Iliteremshwa na watengenezaji wengi wanaoshindana, na wanunuzi wanaoagiza kwa pamoja, na bei zilizochapishwa mahali ambapo mshindani na mnunuzi wote wanaweza kuzisoma.

Mfuatiliaji wa Tanzania anaweza kuanza na katalogi ya bei ya Bohari ya Dawa, MSD, taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993 na ambayo baadaye ilichaguliwa kuratibu ununuzi wa pamoja wa dawa kwa nchi za SADC. Akiweka bei ya katalogi pembeni ya ankara ya halmashauri iliyonunua dawa ileile kwa mzabuni binafsi, ulinganisho umekamilika kwa mchana mmoja. Nchini Kenya, wakati wa janga la korona mwaka 2020, mamlaka ya dawa ya KEMSA ilinunua barakoa za KN95 kwa shilingi 700 moja na mavazi ya kujikinga kwa shilingi 9,000 kila seti, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hakuhitaji jasusi kujua kwamba bei hizo zilikuwa juu. Duka la dawa la mtaani lilitosha kumwambia. Bei za sokoni ziliposhuka, shehena ya mabilioni ya shilingi ilikwama ghalani kwa kukosa taasisi iliyo tayari kuichukua kwa bei iliyonunuliwa.

Jeshini hali ni nyingine, na Marekani inatupa picha yake kwa usahihi kwa sababu wakaguzi wa huko huchapisha ripoti zao. Mwezi Februari 2019 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani alitoa matokeo ya kuchunguza vipuri 47 vilivyonunuliwa kutoka kampuni ya TransDigm, akakuta kwamba katika vipuri 46 faida ilikuwa imepita kiasi, kwa jumla ya dola milioni 16.1. Kimojawapo kilikuwa sahani ya klachi, kidude ambacho bei yake ya haki ilikadiriwa kuwa dola 32 na ambacho jeshi lilikuwa limelipia dola 1,443. Kampuni ilirudisha fedha hizo mwaka huohuo baada ya kuhojiwa na kamati ya Bunge.

Sahani hiyo inafaa kutazamwa vizuri. Mnunuzi wa jeshi hakuwa mjinga. Alijua bei iko juu, lakini muuzaji alikuwa mmoja, kifaa kilihitajika, na sheria inayomlazimisha muuzaji kuonyesha gharama zake za kutengeneza haikuwa inagusa manunuzi yaliyo chini ya kiwango fulani cha fedha. Kampuni iliuza kidogo kidogo, chini ya kiwango hicho. Aliyeweza hatimaye kuiona ile dola 32 ni mkaguzi mwenye mamlaka ya kudai vitabu vya gharama, naye aliiona baada ya fedha kulipwa. Katalogi ya kumfunulia bei hiyo hakuna, wala nchi jirani ya kuuliza, kwa kuwa nchi jirani nayo hununua kwa muuzaji huyohuyo.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2024, ofisi hiyohiyo ya ukaguzi iliripoti kwamba Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa limelipia vifaa vya kutolea sabuni katika vyoo vya ndege za C-17 zaidi ya mara 80 ya bei ya vifaa vya aina hiyo vinavyouzwa madukani. Kifaa cha sabuni hakina siri, na wauzaji wake ni wengi. Kilipandishwa bei kwa sababu kilipitia ndani ya mkataba mkubwa wa matengenezo ya ndege, kama vile vitendanishi vya Kenya vilivyopitia ndani ya mkataba wa mashine.

Muuzaji mmoja au wengi

Kufikia hapa msomaji makini ataona kwamba mpaka kati ya hospitali na kambi si mahali pazuri pa kuchora mstari. Dawa ya Daraprim, inayotibu ugonjwa wa toksoplasma na ambayo imekuwepo tangu miaka ya 1950, ilipandishwa bei Marekani mwaka 2015 kutoka dola 13.50 hadi dola 750 kwa kidonge kimoja, mara tu haki ya kuiuza iliponunuliwa na kampuni ya Turing. Kwa tabia, kidonge hicho ni ndugu wa sahani ya klachi: muuzaji mmoja, mnunuzi asiyeweza kusubiri, na hakuna sheria ya kumlazimisha mtu aonyeshe gharama. Kinyume chake, viatu vya askari, maharage ya kambini, mafuta ya dizeli na magodoro ni bidhaa za soko la kawaida, ingawa zimenunuliwa na jeshi.

Ukubwa wa mnunuzi peke yake hauleti nafuu. Mpango wa Medicare wa Marekani, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, ambao ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa dawa duniani, ulikatazwa na sheria ya mwaka 2003 kujadiliana bei na watengenezaji. Sheria ya mwaka 2022 iliondoa kizuizi hicho kwa dawa chache, na bei za dawa kumi za kwanza zikaanza kutumika Januari 2026. Januvia, dawa ya kisukari, ilitoka dola 527 kwa dozi ya siku 30 hadi dola 113. Muuzaji ni yuleyule na kidonge ni kilekile. Kwa karibu miaka 20 mnunuzi alikuwa na nguvu ya kujadili lakini mikono yake ilifungwa na watunga sheria wake mwenyewe, jambo ambalo kwa maoni yangu linastahili hasira zaidi kuliko ulafi wa kampuni, maana kampuni haijawahi kuahidi kumtetea mgonjwa.

Siri na dharura

Kila upande una kisingizio chake cha kukwepa zabuni ya wazi. Jeshi lina siri, afya ina dharura.

Dharura ina mwisho. Janga hupita, ghala hufunguliwa, mkaguzi huingia, na bei za mwezi ule zinaweza kulinganishwa na za mwezi uliofuata. Kosa la mfuatiliaji wa afya huwa ni kuchoka mapema, kabla ripoti ya ukaguzi maalumu haijatoka. Siri haina mwisho wa namna hiyo, na ndiyo maana kusubiri upande wa jeshi hakuleti faida. Sheria za manunuzi ya umma za Kenya na Tanzania zimeweka utaratibu wa orodha mbili kwa vyombo vya ulinzi na usalama: orodha ya wazi, ambayo bidhaa zake hununuliwa kama za taasisi nyingine yoyote, na orodha ya siri, ambayo hushughulikiwa kwa zabuni finyu au kwa muuzaji mmoja. Mapambano yenye tija jeshini hufanyika hapo, katika kuamua bidhaa gani ikae orodha ipi. Mfuatiliaji anayedai kuona bei ya kombora ataambiwa kuhusu usalama wa taifa, na pengine ataambiwa kwa haki. Anayeuliza kwa nini mablanketi, jenereta au mfumo wa malipo ya mishahara uko kwenye orodha ya siri anauliza swali ambalo afisa hawezi kulijibu kwa neno usalama bila kuona aibu.

Fedha zikishatoka

Zipo tofauti pia katika kurudisha kilichopotea. Bei ya dawa ikizidi, hasara huonekana mapema na kwa uchungu: bajeti huisha kabla ya mwaka, rafu huwa tupu, na mgonjwa hupewa karatasi akanunue nje. Mkataba ukivunjwa, muuzaji mwingine hupatikana. Kwa jeshi na usalama, mkataba mbovu hurithiwa. Mikataba ya Anglo Leasing nchini Kenya, iliyofichuliwa mwaka 2004 na iliyokuwa 18 kwa idadi, ilihusu mambo ya usalama. Mmojawapo, wa mfumo wa pasipoti, ulipewa kampuni hewa kwa karibu euro milioni 30 ilhali kazi hiyo ilikuwa imeshatajiwa bei ya euro milioni 6. Serikali ilisimamisha malipo, lakini hati za ahadi ya kulipa zilikuwa zimeshatiwa saini, na mwaka 2014, baada ya kushindwa katika mahakama za nje na ikiwa inajiandaa kukopa kwenye soko la kimataifa, Kenya ililipa takribani shilingi bilioni 1.4. Meli ya kivita ya KNS Jasiri, iliyoagizwa Hispania mwaka 2003 kwa shilingi bilioni 4.1, ilikwama huko kwa sababu ya mgogoro wa bei na malipo na ikafika Mombasa mwaka 2012. Kusimamisha malipo, ambako upande wa dawa ni silaha kali, upande wa jeshi kunaweza kukuacha bila meli na bila fedha kwa muda mrefu. Kati ya mifano hii ya Afrika Mashariki, rada ya Tanzania ndiyo iliyorudisha fedha, na ilizirudisha kwa sababu muuzaji alikuwa na makao katika nchi yenye sheria na mwendesha mashtaka aliyetaka kuitumia.

Uchague nini

Kwa mtu asiye na mamlaka yoyote ya kisheria zaidi ya kudai taarifa za umma, ninashauri aanze na dawa na vifaa tiba bila kusita. Bei ya kulinganishia ipo, ununuzi hurudiwa kila robo mwaka kiasi kwamba kosa la mara hii linaweza kusahihishwa mara ijayo, na ushahidi haukai mbali: ankara, katalogi na rejista ya wagonjwa. Ajihadhari na mambo mawili tu, mikataba iliyofungasha vitu vingi katika malipo ya mkupuo, na bidhaa zenye muuzaji mmoja. Ya kwanza aidai ifunguliwe, kila kitu na bei yake; ya pili asipoteze muda kuilinganisha bali aulize kama nchi imejiunga na wanunuzi wengine ili kuijadili.

Mjumbe wa kamati ya hesabu za serikali, mwenye uwezo wa kuita mashahidi na kukaa faragha, atakuwa anapoteza mamlaka hayo akiyatumia kwenye bei ya panadoli ambayo mwandishi wa habari anaweza kuipata mwenyewe. Yeye aende jeshini, na huko asianze na silaha yenyewe. Aanze na kifungu cha mkataba kinachohusu wakala: yupo au hayupo, analipwa asilimia ngapi, analipwa katika nchi gani, na nani alimwajiri. Cha juu kwenye rada kilikuwa karibu theluthi ya bei, na kukigundua hakukuhitaji utaalamu wowote wa mawimbi ya redio. Kisha aende kwenye vipuri na matengenezo, kwa kuwa chombo hununuliwa mara moja ilhali vipuri hununuliwa kwa miaka 30, na aulize kama mkataba unaipa serikali haki ya kuona gharama za mtengenezaji pale anapokuwa peke yake. Haki hiyo isipoandikwa kabla ya kutia saini haipatikani baadaye.

Anayebaki katikati, hasa mwandishi wa habari mwenye subira, atapata mavuno mengi katika vifaa vyenye matumizi ya pande zote mbili: rada, helikopta za uokoaji, mifumo ya utambulisho, hospitali za jeshi. Likija ombi la kununua magari ya kubebea wagonjwa kwa ajili ya kambi, na wizara ya afya ikawa imenunua magari ya aina hiyo mwaka huohuo kwa zabuni ya wazi, aziweke bei mbili kwenye karatasi moja na kuipeleka kwa pande zote mbili, akiomba orodha ya vitu vilivyoongezwa kwenye gari la jeshi, kimoja kimoja, na bei ya kila kimoja.